Fondo na Kisichopimika

"Mkubwa kama nini?"

"Mkubwa tu."

"Mkubwa tu! Hata sisimizi ni mkubwa tu, ukimuuliza chawa. Nakuuliza tena, Baba Baya: mkubwa kama nini?"

Dama alikuwa akikanda unga wa mahamri, ngumi zikishuka kama mtu mwenye kesi na ngano. Mumewe Fondo alikaa nyuma ya cherehani yake karibu na mlango, mguu juu ya kanyagio, lakini gurudumu halikuzunguka. Tangu warudi kutoka kambini jana hajashona hata kola moja.

"Watu wakikuambia wameona ndovu barabarani, unaitikia," alisema. "Mimi mumeo nimeona nyangumi, wanikatalia."

"Sijakukatalia. Nasema hujui kusema."

Hapo alimpata. Fondo ni fundi wa kanzu, na Mji wa Kale wote wajua kwamba mtu huyu haamini kitu ambacho futi yake ya kupimia nguo haijakizunguka. Futi hiyo hulala shingoni mwake tangu alfajiri mpaka anapopanda kitandani. Mwulize harusi ilikuwaje, atakwambia kanzu ya bwana harusi ilipungua inchi moja mkononi. Mkewe naye, Mungu amweke, aliwahi kuwaambia watu kwamba jogoo wa babake kule Kaloleni aliwika mpaka gari la moshi likasimama Mazeras, dereva akidhani ni honi. Majirani wamejifunza hesabu yao: maneno ya Dama yagawe kwa mbili, ya Fondo yazidishe kwa mbili, hapo ndipo ukweli ulipokaa.

Safari yenyewe aliianzisha Mwende, mke wa mtoto wao Baya. Mwende ni Mkamba, kazi yake ofisi za reli, na alisema watoto hawawezi kukua wakidhani mbingu ni dari. Walale nje hata siku moja. Akataka kukodi hema.

"Kukodi!" Dama alisema. "Na Jaffar ana turubai lililolala bure?"

Jaffar ndiye mtunza vyombo vya mtaa: masufuria, majamvi na turubai moja la kijani. Dama akamwendea, akamwambia ana wageni kutoka Kaloleni, wengi hivi kwamba wa kwanza ameshafika na wa mwisho hajatoka nyumbani kwake. Jaffar akatoa turubai, hakuuliza zaidi. Alichosahau Dama, na kukisahau hicho Mji wa Kale ni kama kusahau jina la mamako, ni kwamba turubai la kijani halitoki ila kwa matanga.

Basi wakaenda Laitihausi, kule juu ya majabali ambako watu hupunga upepo jioni. Baya alikuwa ameshasema na askari wa zamu. Vigingi vikagoma, chini ni jiwe la bahari, kila kigingi kilichopigwa nyundo kilirudi kimepinda kama mzee anayerukuu. Wakafunga kamba kwenye viti vya saruji na kwenye tuk-tuk ya Baya. Upepo wa kusi ukaingia chini ya turubai, ukalibeba, Fondo kashika kamba. Dama aapa alimwona mumewe kapita juu ya tuk-tuk akiwaaga watu. Fondo asema miguu iliachana na ardhi shibiri mbili.

Walipomaliza kulivuta chini, kunguru walikuwa wameshafungua kikapu cha mahamri. Mmoja alichukua mawili, akaona hawezi kuruka nayo, akaondoka kwa miguu.

Kisha wakaanza kuja watu.

Wa kwanza alikuwa Nasipwondi, mama muuza mihogo ya kukaanga. Aliliona turubai la kijani, majamvi yametandikwa, sufuria kubwa motoni, mwanamke wa makamo amekaa ameshika tama kwa ajili ya mahamri yake. Akavua ndara, akaketi ubavuni pa Dama, akainamisha kichwa. "Pole, mama. Ni kazi ya Mungu." Nyuma yake wakafuata wengine waliokuja kutembea tu: wazee kutoka Makadara, vijana, akina mama na watoto mgongoni. Wanaume wakamzunguka Fondo, wakampa mkono mmoja mmoja.

"Hakuna aliyekufa," Fondo aliwaambia.

Wakatazamana. "Maskini," mmoja akanong'ona. "Bado hajakubali."

"Nasema hakuna aliyekufa!"

"Mleteeni maji."

Mpaka Dama akaona huruma. Akasimama katikati ya majamvi na kutangaza kwamba marehemu ni usingizi wao, wameuleta kuuzika hapa, na waliofika wakae wale pilau ya msiba. Kicheko kilichotoka pale, meli mlangoni mwa bandari ilijibu. Na hakuna aliyeondoka, kwa kuwa mvua nayo ilikuwa imeshafika, manyunyu ya ubavuni, na wote wakajikunja chini ya turubai moja, wenyeji na waombolezaji, magoti kwa magoti. Nasipwondi akakaanga mihogo yake iliyobaki akaigawa. Wajukuu wakalala kwenye mapaja ya watu wasiowajua. Mwende alisema hajapata kucheka vile tangu aolewe.

Waombolezaji walitawanyika mvua ilipokatika. Alfajiri Fondo alisali peke yake, akasogea mpaka ukingoni mwa majabali. Ndipo alipoona.

Aliporudi turubaini akawaeleza. Baya akasema ni mtumbwi uliopinduka. Mwende, kwa adabu, akasema baba amechoka. Hayo hayakumuuma. Lakini Dama, mwanamke aliyesimamisha gari la moshi kwa jogoo, alimtazama tu, akaendelea kukunja jamvi. Tangu hapo Fondo hajapata raha. Akiamini Dama, yatosha. Asipoamini, itakuwa ameona peke yake maisha yake yote.

"Haya," Dama alisema sasa, mikono ndani ya unga. "Wari ngapi kwa futi yako?"

Fondo akaishika futi shingoni. Akaivua. Akaiweka sakafuni.

"Nilidhani ni mwamba," alisema. "Nikajiuliza, mwamba huu jana haukuwapo. Mwamba ukashusha pumzi."

Dama aliendelea kukanda, lakini polepole.

"Pumzi ile, Mama Baya, niliisikia hapa kifuani, kama mtu kaniegemea. Maji yakasimama wima, yakawa moshi. Kisha mgongo ukaanza kupita. Ukapita. Nikasema sasa utakwisha, ukapita. Nikainua futi mbele ya jicho, mazoea tu, na haki ya Mungu nikaona haya. Nikaishusha. Nikajiona kama kipande cha uzi kilichoanguka chini ya cherehani."

"Halafu?"

"Mkia ukatoka. Ukakaa juu, kama kanzu imeanikwa, ya nani sijui, hajazaliwa wa kuivaa. Ukazama, na maji hayakupiga kelele. Yalijifunga kama pindo." Akaegemea cherehani. "Na hili sijamwambia mtu. Hakuwa peke yake. Alikuwa na mtoto. Mdogo yule alikuwa nyuma kidogo, na mama hakwenda mpaka amfikie. Mwili wote ule, Mama Baya, umesimama unamngoja."

Mikono ya Dama ilikuwa imesimama ndani ya bakuli.

"Mbona hukuniita?" Sauti yake ilitoka ndogo, si ya kawaida yake. "Nilikuwa hapo hapo. Mbona uliona hayo yote na mimi nimelala?"

"Nilifungua mdomo. Jina lako, ambalo nimeliita miaka yote hii, likakataa kutoka. Nikasimama vile vile mpaka..."

"Hodi! Hodi hapa!" Jaffar akaingia bila kungoja kuitikiwa, kofia mkononi, uso umemshuka. "Nyinyi majirani gani? Turubai langu lilisimama Laitihausi juzi, watu wamejaa, nami nasikia nusu nusu kwa mwanamke wa mihogo! Nani ametutoka?"

Dama akafungua mdomo, na katika mdomo ule mlikuwa na marehemu watatu tayari na jeneza la nne. Akaufunga. Akajifuta unga, akavuta kigoda, akakiweka mbele ya cherehani, kimwelekee mumewe.

"Kaa, Jaffar," alisema. "Baba Baya yuasema."