Ngazi za Meli Nilizozificha

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu. Ni siku niliyompandisha shangazi wa mume wangu kwenye basi la Tanga, pale stendi ya Korogwe, nikampungia mkono huku natabasamu, ilhali kooni nimeyabana maneno matatu. Maneno yenyewe yalikuwa mepesi: “Shangazi, kuna ngazi.” Sikuyasema. Kaa hapo nikueleze ilivyokuwa, maana na wewe umefika umri wa kwenda mahali na kurudi na habari.

Nilikuwa fundi cherehani Old Korogwe. Nina miaka ishirini na miwili, nimeolewa mwaka wa pili, mtoto bado. Mume wangu Rajabu, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa lori la mahindi, leo Handeni, kesho Kibirashi. Miaka ile ndiyo tuliyoiita ya ruksa. Watu waliokuwa wakipanga foleni ya sabuni, ghafla wakawa wanachagua sabuni kwa harufu. Mitumba ilimwagika sokoni, redio za kaseti zikalia kila baraza, na mambo ambayo zamani tuliyasikia kwa wakubwa tu yakaanza kutangazwa kwa kila mtu. Ndipo pale stendi likabandikwa tangazo: safari ya starehe kwa meli, siku tatu, Tanga hadi Pemba na Unguja na kurudi. Chumba cha watu wawili, chakula, bendi ya muziki, bwawa la kuogelea. Meli yenyewe imechorwa nyeupe pee.

Rajabu alilisoma mara mbili, akaniambia, “Zubeda, tangu tuoane sijakupeleka popote kupita Mombo. Twende.”

Tukaenda. Meli ilikuwa ya kuondoka saa mbili asubuhi, ikang’oa nanga saa tisa alasiri. Nyeupe ilikuwa nyeupe, ila kutu imeitoboa huku na huku. Kile chumba cha watu wawili kikawa wanawake upande huu, wanaume upande ule, vitanda vya kupandana, na mume wangu nikawa namwona wakati wa kula kama mgeni aliyenitembelea. Bendi haikuja, ilikuja kaseti moja. Bwawa lilikuwepo, sikudanganyi, lakini lilikuwa limejaa magunia ya vitunguu. Unguja tuliyoahidiwa kutwa nzima tulipewa saa tatu tu, honi ikalia. Na ngazi, mwanangu! Ngazi za chuma, nyembamba, zimesimama kama za kupandia darini, zimelowa maji ya chumvi. Kwenda chooni, ngazi. Kwenda kula, ngazi. Mimi na ujana wangu niliteleza mara mbili.

Hata hivyo haikuwa safari mbaya. Pilau ya siku ya kwanza ilikuwa pilau hasa. Tuliona pomboo wakiruka ubavuni mwa meli, na Rajabu akacheka mpaka upepo ukamchukulia kofia. Asubuhi tuliyofika Pemba harufu ya karafuu ilitupokea kabla hatujaiona nchi kavu. Ukiniuliza leo nitakwambia: ilikuwa nzuri, ilipungua kidogo. Neno hilo lilitosha kurudi nalo nyumbani.

Sikurudi nalo. Nilipofungua cherehani yangu Jumatatu wanawake walikuwa wameshajaa barazani kwangu, hawana hata nguo ya kushonesha. “Haya tueleze,” wakasema. Nikaanza kwa kusema ilikuwa nzuri. Nikaona nyuso zao zinangoja zaidi. Ningewaambiaje habari ya vitunguu, na nilikuwa nimeaga mtaa mzima? Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Kaseti ikawa bendi. Kitanda cha kupandana kikawa kitanda cha sita kwa sita. Kufika Ijumaa bwawa lilikuwa na maji ya buluu na mimi nimeshaogelea, mimi ambaye hata mto huu wa Pangani sijawahi kuuingia kupita magoti.

Rajabu alinisikia siku moja akiwa amekaa na chai yake. Wateja walipoondoka akaniuliza, “Mbona vitunguu huvitaji?”

“Niwatajie vitunguu, wanicheke?”

“Vilikuwepo,” alisema, akanywa chai yake. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mimi nilichukulia uchache ule kuwa ni ruhusa.

Habari ikafika Handeni. Huko alikuwako Shangazi Mwanahamisi, dada mkubwa wa baba yake Rajabu, ndiye aliyemlea mume wangu mama yake alipofariki. Mjane, mkulima, mkono wake haujui kukaa bure. Magoti yalikuwa yakimsumbua na alitembea na fimbo ya mpingo. Maishani mwake hakuwahi kuiona bahari. Akashuka Korogwe na kikapu cha choroko, Rajabu akiwa safarini.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Nimekuja kusikia kwa masikio yangu. Ni kweli maji yale hayana ng’ambo?”

“Hayana, shangazi. Unatazama mpaka macho yanachoka.”

“Nataka kwenda kuyaona. Nimeuza mahindi yangu, watoto wa watu nimeshawalea, sasa ni zamu yangu. Lakini nieleze sawasawa. Kula?”

“Chakula kingi, shangazi. Usijisumbue kufunga chochote.”

“Kulala?”

“Chumba chako, kitanda chako.”

Akaigonga fimbo yake sakafuni. “Na hii? Huko melini nitapandapanda? Unajua magoti yangu.”

Hapo ndipo mahali penyewe, mwanangu. Jirani wawili walikuwa wamekaa pale, wale wale waliokuwa wameshaisikia hadithi yangu. Nikisema ngazi zipo, wataniuliza mbona hukuzitaja, na ukianza kuuvuta uzi mmoja nguo nzima inafumuka. Mimi fundi, najua. Nikasema, “Hakuna cha kukusumbua. Vijana wapo, watakushika mkono. Fimbo iache, shangazi, isije ikakuaibisha mbele ya watu wa meli.”

Aliiacha nyuma ya mlango wangu. Kesho yake nikampeleka stendi. Basi lilichelewa karibu saa nzima, na kwa saa nzima hiyo tulikaa benchi moja, yeye akinihadithia Rajabu alivyokuwa mtoto mtundu. Nafasi ya kusema ilikuwepo, tena pana. Nilimnunulia soda.

Siku ya pili Rajabu akarudi kutoka Kibirashi, akaiona fimbo. “Shangazi yuko wapi?” Nilipomwambia, hakupiga kelele. Aliketi kitandani na viatu vyake vyenye vumbi. “Zile ngazi,” alisema. “Zubeda, ulimwambia habari ya zile ngazi?” Meli ilikuwa imeshang’oa nanga.

Siku ya meli kurudi tulikuwa bandarini Tanga tangu asubuhi. Abiria wakashuka, wakashuka, wakaisha. Shangazi akatoka mwisho, anashikwa na wanawake wawili asiowajua, mkono wa kulia umefungwa plasta ngumu mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa ameanguka siku ya kwanza, akienda chooni. Ameteleza ngazi nane. Pemba ndiko alikofungwa mkono, na siku zilizobaki alikaa juu kwenye benchi, kwa sababu hakuweza tena kushuka kulala. Abiria wenzake ndio waliomletea chakula. Walikuwa wamebeba vyao.

Nilipiga magoti palepale. Nikalia, nikasema mambo mengi yasiyo na kichwa wala miguu. Yeye akanitazama tu mpaka nikachoka.

“Inuka,” alisema. “Nisikilize, kisha tusilirudie hili. Ungeniambia ngazi zipo, unadhani nisingekwenda?”

“Sijui, shangazi.”

“Ningekwenda. Ningekwenda na fimbo yangu, na viazi vyangu, na ningemwomba mtu anilaze juu tangu mwanzo. Fimbo ya mbali haiui nyoka, mwanangu, wala haishiki ngazi. Wewe ulinivua fimbo, ukanivika hadithi. Hadithi haiegemewi.”

Rajabu akageuka akatazama maji. Mimi nikatazama chini. Shangazi ndiye aliyeniinua, kwa ule mkono mzima.

Mkono ulipona, lakini ulipona umepinda, na jembe likamkataa. Mvua za vuli zilikuwa karibu. Sikungoja kuambiwa. Niliifunga cherehani yangu, nikaenda Handeni, nikalima shamba lake msimu mzima. Mikono ya kushika sindano ikashika mpini, malengelenge yakapasuka yakawa sugu. Palizi ya kwanza mimi, ya pili mimi, kuvuna mimi. Hakunisifu, hakunisimanga. Jioni tulikula ugali na mnavu, tukazungumza mambo ya kawaida.

Lakini nilipata somo ambalo sikulitegemea. Watu walikuwa wakija kumwuliza habari za meli, majirani Wazigua wa pale, na mama mmoja Mmasai aliyetuletea maziwa. Nilijikunyata nikidhani sasa nitaanikwa. Shangazi akasimulia. “Siku ya kwanza nilitapika,” alisema, “kisha nikaanguka.” Akawaeleza vitunguu, kaseti, maharage yaliyoungua. Akawaeleza jinsi, alipokuwa amekaa kwenye benchi na mkono unamuuma, jua lilivyochomoza kutoka ndani ya maji, na yeye akasahau kwa muda kwamba ana mkono. “Ni makubwa,” alisema. “Hayana ng’ambo, kweli. Nimefurahi kuyaona. Kurudi sirudi.”

Wale watu hawakupepesa macho. Yule mama wa maziwa alirudi kesho yake, akataka kusikia tena habari ya jua. Mimi kule Korogwe nilikuwa nimeongeza bendi na maji ya buluu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunirudia kusikia mara ya pili. Kizuri chajiuza, walisema wazee. Nilikuwa na kizuri changu mkononi, kile cha pomboo na kofia na karafuu, nikakifunika kwa takataka za kujitungia.

Na jina langu shangazi hakulitia ubaya mahali popote. Watu walipomwuliza nani alimshauri aende, alijibu, “Moyo wangu.” Hilo nalo limenikaa.

Niliporudi Old Korogwe niliwaeleza wanawake wote pale barazani, mmoja mmoja kadiri walivyokuja. Wengine walinicheka sana. Wawili walihama, wakapeleka nguo zao kwa fundi mwingine, wakidai mtu anayedanganya habari ya bwawa atadanganya na vipimo vya kitambaa. Sikuwalaumu. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilikuwa nimefika mwisho wake.

Basi mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii, na sitaizungusha. Utasafiri, utasoma, utaoa, utapata kazi mjini, na mengi ya hayo yatakuwa mazuri yaliyopungua kidogo. Ndivyo dunia ilivyo, wala si aibu. Usione haya kurudi na habari ndogo. Nyinyi siku hizi mna simu, mnapiga picha ya sahani moja nzuri na kuyaacha maharage yaliyoungua nje ya picha, na sikukatazi. Lakini mtu akija kwako na magoti yake mabovu akakuuliza njia ikoje, mweleze njia ilivyo, hata kama wapo watu wawili wanaokusikiliza na fahari yako itaumia. Fahari yako itapona kwa wiki moja. Na ukikuta umekwisha kukosea, usitafute maneno mazuri ya kuomba radhi. Tafuta jembe, uende ukalime.

Mwenyezi Mungu akufungulie safari, akurudishe salama kila uendako. Akujaalie wazee wa kukukanya bila kukuaibisha, akupe na moyo wa kuwasikia wangali hai. Nenda, mwanangu, na radhi zangu ziko nawe.