Nafuu ya Baba Daftarini

Daktari niliyemfanyia kazi Njombe enzi za Mwingereza alikuwa na soksi ndefu, maswali mafupi, na imani kwamba mtu akiulizwa hali yake ataisema. Sijui imani hiyo aliitoa wapi. Miaka minne alikuwa akisalimiana na watu wenye homa kali wanaojibu kwamba hawajambo, na hakuna alichojifunza.

Mimi nilikuwa dresa wake, yaani msaidizi wa kufunga vidonda na kugawa dawa, na mkalimani wa Kibena. Alipoanza utafiti wa dawa ya moyo, kwa watu wanaobanwa kifua wakipanda kilima, alileta makopo mawili ya vidonge. Kopo moja lilikuwa na dawa. Jingine lilikuwa na vidonge visivyo na kitu, vya kulinganishia. Orodha ya nani anameza vidonge vya kopo lipi aliifungia kabatini.

"Asiyepata nafuu kwa mwezi mmoja tutambadilishia kopo," aliniambia. "Wewe tafsiri tu. Usiongeze neno lako."

Baba yangu alikuwa mmoja wa wagonjwa hao. Kila wiki alikuja kwa lori kutoka Makambako, amevaa koti lake la kanisani, akakaribishwa kiti na chai. Hapo mambo yakaharibika. Kwetu, mtu akikukaribisha vizuri humwambii kwamba alichokupa hakikufaa.

"Maumivu yakoje?" daktari aliuliza.

"Mwambie yamepungua, dawa yake nzuri mno," baba alinijibu kwa Kibena, nami nikatafsiri na kuandika: nafuu.

Nikimrudisha kwenye lori, alisimama mara tatu kwenye mwinuko ambao hata mbuzi mjamzito angeupanda bila kuhema. Mkono kifuani, akijifanya anaangalia miti ya miwati.

"Baba, mwambie ukweli. Atakubadilishia dawa."

"Mtu ameniwekea kiti, mwanangu, halafu nimwaibishe? Wewe nilikulea mimi kweli?"

Ningeweza kusema mimi. Lakini nilikuwa msomi wa misheni, nina koti jeupe, na nilijivunia kutafsiri neno kwa neno bila kuongeza wala kupunguza. Nikauita woga wangu uaminifu. Upuuzi mtupu! Niliogopa kufukuzwa kazi, basi.

Wiki ya saba lori lilifika bila baba. Alikuwa ameanguka Makambako akitoka ibadani, na walipomfikisha nyumbani alikuwa ameshakata roho.

Nilirudi kazini baada ya mazishi. Daktari alikuwa amefungua orodha yake, na akaniambia bila kuficha kwamba baba alikuwa akimeza vidonge visivyo na kitu. Alishangaa kwa dhati, kama mtu aliyedhulumiwa.

"Lakini alikuwa akiendelea vizuri," alisema, akanigeuzia daftari. Nafuu, wiki sita mfululizo, kwa mwandiko wangu uliosifiwa shule nzima. "Nyumbani hakulalamika? Wewe mwanawe hukujua lolote?"

Nikamwambia sikujua, naye akaandika hivyo.