Jumamosi za Fundi Mkuu

Nilipoanza kazi ya afisa mafunzo katika kampuni ya pamba, mafunzo yalikuwa safari ya kula na kunywa. Ofisi yetu ilikuwa Musoma, kiwanda cha kuchambua pamba kilikuwa Bunda. Kila mwaka kabla ya msimu, wafanyakazi waliletwa mjini kwa basi la kukodi, wakaketi kwenye ukumbi wa hoteli kumsikiliza mkufunzi aliyetoka Mwanza na projekta yake. Mchana wali na sato, jioni vyeti. Kabla ya kuondoka waliulizwa kama mafunzo yamewafaa. Mtu ameshiba, ana cheti mkononi, atasema hayajamfaa? Wakirudi Bunda, mashine zilikwama vilevile kama mwaka uliotangulia.

Nikataka mafunzo yafanyikie kiwandani, yaendelee mwaka mzima, na tuyapime kwa kumwangalia mtu akiwa kwenye mashine yake miezi baadaye. Meneja akakubali kwa sababu yalikuwa na gharama ndogo. Nilichokosa ni mwalimu, na aliyefaa alikuwa mmoja tu, fundi mkuu.

Huyu alikuwa mzee wa Kiabakari aliyekaribia kustaafu. Kanisani aliimba besi, na sauti hiyohiyo ilisikika kiwandani juu ya kelele za mashine. Alijisifu bila aibu. Mashine zile zilikuwa za zamani na yeye ndiye aliyezijua. Moja ikikwama, watu walikaa juu ya marobota wakimsubiri, naye hakuwa na haraka.

Nilimfuata karakanani nikamweleza. Akanisikiliza huku akifuta spana.

"Sasa niwafundishe ili iweje, binti?"

"Ili siku ukiugua, kiwanda kisisimame, mzee."

"Mimi siuguagi." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Na wakishajua wote, mimi nitakuwa nani hapa?"

"Utakuwa mwalimu wao," nikamjibu.

Nilijibu upesi kwa sababu niliamini. Siku kadhaa baadaye akanipigia simu mwenyewe, akaniuliza tutaanza lini.

Tukapanga pamoja. Yeye alisema mambo kama yalivyomjia, mimi nikayapanga, lipi litangulie na lipi lisubiri mpaka la kwanza lishike. Kila Jumamosi asubuhi alikusanya watu bandani. Kwanza aliwafundisha kusikiliza. Aliwasha mashine moja, akawaambia wafumbe macho, wajue sauti ya beringi nzima na sauti ya beringi inayokufa. Vijana walicheka mwanzoni. Mama mmoja aliyekuwa mfagiaji wa mbegu hakucheka. Aliomba mashine iwashwe tena.

Msimu ulipofunguliwa, nilikuwa nakwenda Bunda karibu kila wiki. Mimi na fundi tulipita kwenye mashine tukiangalia tu, bila kuuliza mtu kama amefurahi. Siku moja tukiwa upande wa marobota tukasikia mashine imezimwa. Fundi akakimbia akifoka, nani amezima? Yule mama akanyoosha mkono. "Mimi, baba. Imebadilika sauti." Fundi akafungua kifuniko, akakuta beringi imeungua, inatoa moshi. Pamba ilikuwa imejaa pale, na sote tulijua moto ukishika pamba hauzimiki kirahisi. Akageukia watu, akapaza sauti bandani kote: "Huyu nimemfundisha mimi!" Sikuwahi kumwona ana furaha kama siku ile.

Msimu ulipokwisha nikaandika tathmini yangu. Nilieleza kwamba mashine zilisimama mara chache kuliko zamani, na kwamba hata fundi mkuu alipokwenda msibani Butiama wiki nzima, kazi haikulala. Niliomba Jumamosi ziongezwe.

Mwaka uliofuata bei ya pamba ikashuka na kampuni ikaanza kupunguza watu. Fundi mkuu alikuwa miongoni mwao. Nikaingia ofisini kwa meneja bila miadi.

"Si wewe mwenyewe umeandika kiwanda kinakwenda bila yeye?" akaniuliza.

"Niliandika ili aendelee kufundisha. Kila msimu tunaingiza watu wapya."

"Aliowafundisha watafundisha wenzao."

Nilibishana naye mpaka akatazama simu yake. Nilipofika Bunda, fundi alikuwa ameshaambiwa. Nilimkuta anapanga spana zake kwenye kiroba.

"Ulisema nitakuwa mwalimu," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Nilisema, mzee."

"Haya."

Nilimbebea kiroba hadi getini, akanipokonya.

Jumamosi zilikufa. Yule mama alikuwa amefanywa msimamizi wa zamu na alikuwa na uwezo, lakini nilipomwomba achukue nafasi ya mwalimu alitazama chini. "Dada, nikiwafundisha hawa, mwakani si na mimi nitakuwa nyumbani?" Wengine sikuhitaji kuwauliza. Nilikuwa najua kupanga masomo na kupima matokeo, ila kwa woga ule sikuwa na mpango. Msimu uliofuata basi likakodiwa tena, mkufunzi akaja na projekta, watu wakala sato.

Nilikwenda Kiabakari kumwona fundi. Alikuwa anatengeneza mashine za kusaga za watu wa pale na analima mihogo. Mkewe alitupikia ugali na dagaa. Tuliongea habari za mvua, za kwaya, za wajukuu. Nilipozitaja zile Jumamosi, alimwomba mkewe maji ya kunawa.

Sasa nafanya kazi kampuni nyingine, hapahapa Musoma. Kabla sijamwomba mfanyakazi awafundishe wenzake, namtaka bosi aseme mbele yake atakuwa na kazi gani baada ya hapo. Wapo wanaosema. Wengine hunijibu tutaona, na hapo mimi siendelei. Mwaka jana nilipata nafasi nzuri ya mwalimu wa mafundi, yenye mkataba wa kueleweka, nikampigia mzee simu kabla ya mtu mwingine yeyote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilishafundisha, binti," akasema. "Tafuta mwingine."

Akaniulizia watoto, akanitakia kazi njema. Nafasi ile tulimpa kijana wa Buhare. Anafundisha vizuri, ingawa si kama yule mzee.