Kasha Lenye Taa na Mashine ya Karani

Mwanangu, nakumbuka wiki moja ya kiangazi pale mtaani Nkuhungu, Dodoma, enzi biashara huria ilipokuwa imeshafungua milango na kila duka la mjini lina kitu ambacho mwaka uliopita hatukukijua hata jina. Umeniandikia unaniuliza: ununue kompyuta ya gemu iliyokwisha kuunganishwa, au ununue vipuri uunganishe mwenyewe? Na mfuko wako, umesema, si mrefu. Swali zuri. Nitalijibu, ila kwanza nivumilie nikusimulie lilivyonidhalilisha mimi, maana jibu nililonalo nililipata ndani ya aibu hiyo.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Dar es Salaam na shahada ya elimu ya jamii. Huko chuoni tulikuwa tunapanga foleni kugusa kompyuta nusu saa kwa wiki, na nusu saa hizo nilipozijumlisha niliona zinatosha kuniita mtaalamu. Nilirudi Dodoma na miwani isiyo na kazi na Kiingereza kingi. Sikuwa na ajira. Nilikuwa na rafiki mmoja, Ndahani, kijana wa Mlali, karani wa masjala katika ofisi moja mjini. Hakufika chuo, lakini alikuwa na tabia iliyoniudhi sana: alikuwa anauliza.

Tukaamua kufungua chumba cha gemu. Wakati huo vijana wa Nkuhungu walikuwa wakisikia tu kwamba kuna mpira unaochezwa kwenye kioo. Shangazi yangu Perusi alikuwa na fremu moja ya duka inayotazama barabara, nayo ilikuwa tupu. Shangazi alikuwa dalali wa mahindi Kibaigwa, mwanamke ambaye madereva wa malori walimwamkia kabla ya kuzima injini. Tulimfuata, tukamweleza.

"Fremu ninayo," alisema. "Lakini yupo mama mmoja anataka kuweka saluni, na yeye vifaa vyake nimeviona kwa macho. Nyie mna nini?"

"Tuna mpango, Shangazi," nikasema.

"Mpango haufagii chumba. Jumamosi saa kumi jioni nitapita. Nikikuta watu wanacheza, fremu yenu. Nisipokuta, Jumatatu inaingia saluni."

Basi hapo ndipo mimi na Ndahani tulipoachana njia. Yeye aliona kwenye tangazo kwamba ofisi fulani inauza kompyuta zake za zamani, nzimanzima, zikiwa bado zinafanya kazi. Alitaka tuchukue moja. Mimi nikacheka mpaka nikashika ukuta.

"Ndahani, hiyo ni mashine ya karani! Imezoea barua. Ukiiwekea mpira itakuandikia 'Yahusu: Goli.'"

"Lakini inawaka," alisema.

"Hata kibatari kinawaka."

Nilitaka kuunganisha mwenyewe. Nilisema mtu aliyesoma hanunui kilichofungwa na mwingine. Hatukuelewana, kwa hiyo kila mmoja akashika nusu yake ya pesa tulizokuwa tumechanga na kwenda zake. Yeye alikwenda kuchukua mashine ya karani. Mimi nilipanda basi kwenda Dar es Salaam, nikaingia duka moja la vipuri, na pale, mwanangu, akili iliniruka. Kulikuwa na kasha la kompyuta, refu, jeusi, lenye kioo ubavuni na taa za bluu. Nilipoliona nilijua limenichagua. Kadi ya picha nilinunua nzuri, hilo nijisifu, kwa sababu muuzaji alinishauri. Ila vingine vyote nilichagua kwa mabaki ya pesa, na ile pawa saplai, kile kidude kinachogawa umeme kwa viungo vyote, sikukitazama kabisa. Kilikuja ndani ya kasha. Nikafurahi kuwa ni cha bure. Wahenga walishasema nyumba njema si mlango, lakini mimi nilikuwa nimenunua mlango, na sehemu ya kibaraza.

Ijumaa nilijifungia kwenye fremu peke yangu. Ndahani aligonga akitaka kusaidia, nikamwambia asubiri kama abiria wengine. Nilifuata kijitabu ukurasa kwa ukurasa. Kila kiungo kilipokaa nilikaza skrubu kwa nguvu ya mtu anayefunga gurudumu la lori. Nilipomaliza nilifunga kasha pande zote, nikalipangusa kwa shati langu, nikalisimamisha mezani. Sikuliwasha. Nilitaka liwake mara ya kwanza mbele ya watu. Shangazi alipotuma mtu kuuliza tumefikia wapi, nilijibu, "Iko tayari."

Jumamosi watu walijaa mlangoni tangu saa tisa. Walikuja vijana wa mtaa, na madereva wawili wa wabunge waliokuwa wamevua tai. Yule mama wa saluni naye alikuja, akasimama pembeni akipima dirisha kwa macho. Ndahani alikuwa ameshaweka mashine yake kwenye kona, kijivu kama meza ya ofisi. Iliwaka vizuri. Tatizo, alipofungua mpira, wachezaji walitembea kama watu wanaosindikiza jeneza. Umati ukaguna. Mimi nikatabasamu kwa huruma ya mshindi.

Shangazi aliingia saa kumi kamili, na kanga yake ya safari na mkoba.

"Mbukwenyi!" alisalimia wote kwa Kigogo.

"Shikamoo Shangazi!" chumba kizima kiliitika, hata madereva.

Nilibonyeza. Taa za bluu ziliwaka, watu wakasema "Aaaa!" Feni ikazunguka. Nembo ikatokea kwenye kioo. Mpira ukaanza kufunguka, uwanja wa kijani kibichi ambao Dodoma hatujauona tangu kuumbwa kwake. Kisha pakasikika pii, taa zikazimika, na harufu ikatoka kama ya maandazi yaliyosahauliwa jikoni.

Nilibonyeza tena. Kimya.

"Umeme wa huku mdogo," nilisema.

Shangazi aligeuza sikio kuelekea barabarani. "Umeme huohuo unasaga mahindi hapo jirani. Nausikia."

Watu walicheka. Mama wa saluni alicheka zaidi.

"Jana ulipoiwasha kabla ya kuifunga, ilifanyaje?" Shangazi aliuliza.

Nikatazama miguu yangu. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeficha mpaka siku ya kuzaa yenyewe. "Sikuiwasha, Shangazi."

Hakupaza sauti. Alifungua mkoba, akatoa bambo, kile kichuma chenye ncha ambacho madalali huchoma nacho gunia kuvuta punje za katikati. Alikiweka mezani mbele yangu.

"Hiki unakijua?"

"Nakijua."

"Umekulia chini ya magunia ya baba yako. Hata mtoto wa Kibaigwa asiyejua kusoma anajua gunia linachomwa bambo kwanza, linashonwa baadaye. Wewe umeshona gunia, umelipandisha kwenye lori, halafu ndiyo unataka kujua lina mahindi au pumba. Chuo walikufundisha hivyo?"

"Hapana."

"Basi fungua. Hapahapa, mbele ya hawahawa. Na mwenzako akae karibu."

Nilifungua. Shangazi aliagiza ungo kwa jirani, na kila skrubu niliyotoa iliwekwa ndani ya ungo, kila kipuri kikapitishwa mkononi mwake. Hakuwa amewahi kushika kompyuta, lakini mkono wa dalali hausahau uzito. Alipofika kwenye ile pawa saplai ya bure aliipandisha na kuishusha. Kisha akamwambia Ndahani afungue ya kwake, akaipima kwa mkono wa pili.

"Hii ya karani imeshiba," alisema. "Hii yako imebunguliwa. Nyepesi kabisa. Haina kitu ndani."

Ndahani alisoma maandishi ya pembeni mwa kila moja. Kweli, yangu ilikuwa na nguvu ndogo kuliko kadi yangu ya picha ilivyohitaji, na ya karani ilitosha. Nilikuwa nimempakia punda mzigo wa lori.

"Na hii kadi yako ni nzima?" Ndahani aliuliza.

"Sijui."

"Tujaribu kwangu? Nafasi yake ipo, niliangalia siku niliyonunua."

Aliangalia siku aliyonunua! Nakwambia, mwanangu, sentensi hiyo iliniuma kuliko bambo. Tuliichomeka kadi yangu kwenye mashine yake, na safari hii hatukufunga kitu. Tuliiwasha ikiwa wazi, matumbo nje, Shangazi amesimama juu yake na mikono kiunoni.

Iliwaka. Uwanja ukatokea. Wachezaji walikimbia! Yowe lililopigwa pale lilimfanya mwenye mashine ya kusaga azime na kuja kutazama. Dereva mmoja alifunga goli, akakimbia nje mpaka barabarani akinyoosha mikono, akarudi. Shangazi akaomba kushika vitufe. Alijifunga mwenyewe mara mbili, akadai refa kala rushwa, akakataa kumpisha mtu. Mama wa saluni alijaribu baada yake, akamfunga Ndahani, na akaondoka akisema atatafuta fremu ya jirani ili awe anapita kucheza. Alipata kweli, na wateja wetu wengi walikuwa waume waliokuwa wakisubiri wake zao wasukwe.

Fremu ikawa yetu. Kasha langu lenye taa tulilifanya kabati la daftari.

Sasa jibu lako. Kununua iliyounganishwa si uvivu, na kuunganisha mwenyewe si ushujaa. Kama mfuko ni mfupi, tafuta mashine nzima ya ofisi iliyotumika, imara, kisha pesa yako iweke kwenye kadi ya picha, lakini uliza kwanza kama nafasi yake ipo na kama umeme wa ndani utaibeba. Ukiamua kuunganisha, iwashe ikiwa wazi kabla ya kukaza skrubu ya mwisho. Ukinunua dukani, mwambie muuzaji aifungue uone ndani. Akikataa, aga kwa heshima. Taa acha, zitakuja ukiwa na ziada. Na usijifungie chumbani na kazi usiyoijua huku rafiki yako anagonga mlango. Mimi ningemfungulia Ndahani Ijumaa ile, angekiona kile kidude kabla yangu, nami Jumamosi ningecheka pamoja na watu badala ya kuchekwa nao.

Mungu akupe macho ya kuona kilichomo ndani ya vitu na ndani ya watu. Akupe rafiki anayeuliza, na unyenyekevu wa kumjibu kweli. Mashine yako iwake mara ya kwanza, na isipowaka, wawepo watu wa kucheka nawe mpaka iwake. Amina, mwanangu. Nenda ukacheze.