Jina la Bibi kwenye Bango la Pembea

Aliyenitoa Unguja ni bibi yangu, Bi Zeyana, na hasira zake. Ami Nassor, mwanawe aliyehamia Maskati tangu ujana, alituletea kwenye simu picha ya bango jipya la biashara yake: "Pembea za Mbarouk na Wanawe." Mbarouk ni marehemu babu. Bibi akafura.

"Na wanawe! Na mimi n'likuwa wapi? Nenda kamwambie aandike jina langu kabla sijafa, na usirudi bila ya hilo."

Kabla sijaondoka akaninong'oneza siri, ingawa chumbani tulikuwa wawili tu. Pembea yao ya kwanza ilikuwa masanduku manne ya mbao, ikizungushwa kwa mikono na kubebwa kwa gari la ng'ombe, sikukuu hii Makunduchi, ijayo Mkokotoni. Desturi ya kazi ile ni kwamba pembea ikishafungwa mahali papya, mwenyewe hupanda kwanza, watu waone kuwa haiui. Babu, Mungu amrehemu, alipanda siku moja tu. Aliposhuka akaukumbatia mnazi, hakuuachia mpaka adhana. Toka siku hiyo aliyepanda kwanza ni Bibi, hata akiwa na mimba.

Maskati nilitua alasiri, na boksi langu la muhogo na pilipili. Ami alikuwa akinisubiri, kanzu nyeupe pe, kofia imekaa sawasawa.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Bibi hajambo?"

"Hajambo. Ana hasira."

"Na nani tena?"

"Na wewe."

Akacheka, lakini garini njia ya kuingilia Hail, mtaa anaokaa, ikampita.

Hail, nyumbani kwake, uani hapakuwa na pa kukanyaga. Farasi wa mbao wa kupanda watoto walikuwa wameanikwa juani, rangi mbichi, nikagusa mmoja nikachafua buibui. Mkewe, Bi Raya, alinikaribisha kwa kahawa na halua, akanieleza mwaka wao unavyokwenda. Baridi ikiingia wanapakia malori, wao na watoto wao watatu wakubwa, wanaanzia Ghubra, kisha Bawshar, kisha miji ya bara. Joto likirudi, na wao wanarudi.

"Na pembea ikishafungwa," nikamuuliza, "nani anapanda kwanza?"

Akaangalia mlango kwanza. "Nani tena? Mimi! Miaka yote hii. Ikifika saa ya kupanda, ami yako hupigiwa simu muhimu."

Wallahi nilipaliwa na halua.

Bawshar, walikohamia kutoka Ghubra, siku ya pili baada ya sala ya alasiri, pembea kubwa ya duara ilikuwa imesimama kwenye kiwanja nyuma ya maduka, familia zimeshajaa na watoto wao. Ami akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu, akaiweka sikioni. Haikuwa imelia. Mimi nikakamata kipaza sauti. Nikaanza kwa Kiarabu changu cha kuokoteza, nikamalizia kwa Kiswahili, nikatangaza kuwa leo mwenyewe, Nassor bin Mbarouk, atapanda kwanza kama ilivyo desturi ya wazee wake.

Makofi! Kina mama wenye asili ya Unguja wakapiga vigelegele. Ami alinitupia jicho, lakini mbele ya watu angefanyaje? Akapanda. Bi Raya akamwondoa mwanawe kwenye mtambo, akaushika mwenyewe. Mimi nilitaka mzunguko mmoja tu. Yeye akampa mitano.

"Raya! Khalas, Raya!"

"Bado, yakhe! Si hujapigiwa simu?"

Aliposhuka alikaa chini mchangani, kofia imeangukia huko. Hapo nikamwonea huruma kweli, nikampelekea maji.

"Ami, na Babu alikuwa hivi hivi," nikamwambia, nikamhadithia ule mnazi, Bibi aliyepanda badala yake, na jina analolidai kwenye bango.

Akanikodolea macho. Kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Maisha yangu yote n'kiona aibu," akasema, "n'kidhani ni mimi peke yangu."

Asubuhi yake mchoraji aliitwa. Bango likawa "Pembea za Zeyana na Wanawe." Nikalipiga picha, nikawaaga, nikapanda ndege huku nikijiona mjanja kuliko watu wote.

Unguja, Bibi aliitazama ile picha muda mrefu. Machozi yakamlengalenga. Halafu akauliza, "Na huko sasa anapanda nani?"

"Bi Raya."

"Jina lake liko wapi hapa?"

Nilikula kwake siku tatu, nikacheka naye, mikono yake niliiona kwenye mtambo, na mchoraji alipouliza kama kuna jina jingine nilimwambia hakuna. Mimi niliyemlaumu ami yangu kwa kumsahau mwanamke, nami nilimsahau mwingine, tena kwa muda mfupi zaidi.

Bibi akanirudishia simu. "Mimi n'shashuka zamani," akasema. "Raya bado yuko juu. Mpigie Nassor, sasa hivi, nami n'sikie."