Mteja Halipi Salamu

Fishi yangu ya kwanza ya saa, karatasi ya kuandikia muda wa kazi, ilirudi mezani pangu ikiwa na wino mwekundu mahali pamoja tu. Nilikuwa nimeandika: "Kusalimiana na familia ya shahidi, dakika arobaini na mbili." Mkuu wetu aliukata mstari ule, akaandika pembeni kwa Kifaransa chake cha Kinshasa kwamba mteja halipi salamu.

Nilinuna siku nzima. Kwetu, mtu asiyesalimia hapewi hata maji, sembuse ushahidi. Lakini ofisi yetu ya mawakili ilikuwa kubwa, na kazi zake nyingi zilitoka kwa mawakili wa ng'ambo, ambao ndio waliotuletea hiyo fishi. Kila siku ilikatwa vipande vya dakika sita, na kila kipande kiliandikwa kimefanya nini na kwa dosie gani, yaani jalada la kesi ya nani. Hadi jioni, vipande anavyoweza kutozwa mteja vilitakiwa kufika saa nane. Nane za kutozwa, si nane za kukaa ofisini. Ili uzipate hizo nane ilibidi ukae kumi na tatu, na chakula ule umesimama. Labda huko kwao inawezekana, mtu anatoka kwenye lifti anakaa kitini. Mimi dosie zangu zilikuwa milimani Masisi na Walikale, mbali na ofisi yetu ya Goma, wakati wa vita.

Nilijaribu kusema kweli kwa miezi miwili. "Kungoja risasi zipungue baada ya Sake, saa moja na dakika kumi na nane." Wino mwekundu. "Pikipiki kukwama kwenye matope." Wino mwekundu. "Kungoja askari wa kizuizi amalize kula." Wino mwekundu na alama ya kuuliza. Kila Jumatatu majina yetu yalibandikwa ukutani kwa mpangilio wa saa, na langu lilikuwa limeota mizizi chini kabisa. Mkuu alipita, akalisoma, akaenda zake. Heri angenitukana.

Mwenzangu wa meza ya jirani, mama wa watoto wawili aliyesinzia akiwa amefungua macho, ndiye aliyenifundisha.

"Weye andika tu 'kusoma dosie'," aliniambia. "Nani atasema ya kama haukusoma?"

Tangu hapo nikawa msomaji hodari. Jina langu likapanda hadi katikati ya ukuta, na sitaficha, nilifurahi.

Dosie iliyoniponza ilihusu kilima kimoja cha Omate, kule Walikale, ambako watu huchimba madini kwa mikono. Kampuni moja ilidai kilima ni chake na kwamba mawe yake ya mpaka yaliwekwa zamani. Tulimhitaji mtu aliyeyaona yakiwekwa. Tukaambiwa yupo mfugaji mmoja wa Nyamitaba, katika Masisi, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiswaga ng'ombe kwa miguu hadi Omate kuwauzia wachimbaji nyama. Njia ile aliijua kuliko mtu yeyote. Nilikwenda kumwona siku ya Jumanne, kwa pikipiki ya kukodi.

Nilifika saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Nakumbuka kwa sababu niliandika, kwenye ukurasa wa daftari, kama nilivyozoea. Mkewe alinipa kikombe kikubwa cha maziwa. Mfugaji mwenyewe, baba wa makamo mwenye kofia ya sufu na msalaba shingoni, aliketi mbele yangu akaniuliza habari za safari, za wazazi, za mvua ya Goma. Nikaangalia saa. Nikataja Omate.

"Maître, tukunywe kwanza," alisema, akiniita kama mawakili wanavyoitwa kwetu.

Tukanywa. Kabla kikombe hakijaisha, akaitwa nyuma ya nyumba: ng'ombe mmoja alikuwa anazaa na ndama amekwama. Aliondoka bila kuniaga. Nilibaki kwenye benchi nikihesabu vipande vya dakika sita vinavyooza kimoja kimoja, na hasira inanipanda. Saa sita na nusu nikasikia ananiita.

"Maître! Kuja ukamate hapa!"

Nilikamata. Niliushika mguu wa ndama kwa mikono miwili, na viatu vyangu vya ofisini vikazama kwenye samadi, huku yeye akiongea na ng'ombe kwa Kinyarwanda, pole pole, utadhani anambembeleza mgonjwa. Ndama alitoka saa saba na dakika thelathini na sita, jike, mwenye doa jeupe kwenye goti. Baba yule alicheka mpaka akakaa chini. Kisha tukanywa maziwa tena, na nilipofungua daftari akalifunga kwa kiganja chake.

"Leo iko siku ya ngombe," alisema. "Mambo ya Omate, murudie siku ingine. Nitawaambia yote."

Niliondoka saa tisa bila sentensi hata moja ya ushahidi. Siku nzima, tupu. Kesho yake, ofisini, nikiwa bado nanuka zizi, niliandika kwenye fishi ya Jumanne: "Goma, ofisini. Kusoma dosie, saa saba na nusu." Nikatia sahihi. Ule ukurasa wa daftari niliuchana, maana mkuu alikuwa na tabia ya kupitia daftari zetu. Sikuwaza juu yake tena.

Siku tisa baadaye simu ililia. Alikuwa mke wa mfugaji, amepanda kilima kutafuta mtandao, upepo unapiga kwenye simu.

"Mama Maître, banamukamata."

Jumanne ile ile, lori la mfanyabiashara mmoja wa Butembo mwenye duka Omate lilivamiwa adhuhuri kwenye barabara ya Walikale, na dereva akauawa. Mtu fulani alisema wavamizi waliongozwa na yule mfugaji wa Nyamitaba, kwani nani mwingine anazijua njia zile? Sasa alikuwa amefungwa Masisi, mikononi mwa mwendesha mashtaka wa jeshi. Kesi ya namna ile ingeweza kumfunga mtu maisha yake yote.

"Ile siku ulikuwa kwetu," aliniambia. "Ulikamata mutoto wa ngombe mguu. Useme tu vile uliona, basi."

Nilimwambia asiogope. Nilikata simu, nikaogopa mimi.

Nilijua kilichokuwa kwenye fishi. Kukiri kwamba nilidanganya saa ni kufukuzwa, na huenda hata joho langu la uwakili lingeondoka. Nikafanya kile ambacho watu waoga wenye elimu hufanya: niliandika barua. Barua nzuri, yenye muhuri, ikisema kwamba Jumanne hiyo, tangu saa nne hadi saa tisa, mtuhumiwa alikuwa nami nyumbani kwake. Kuhusu fishi sikugusa. Nilijiambia karatasi ya ofisi ya Goma na karatasi ya gereza la Masisi hazitakutana.

Zilikutana ndani ya wiki moja. Mwendesha mashtaka aliiandikia ofisi yetu akiomba uthibitisho, na mkuu wangu, bila ubaya wowote, akamtumia fishi yangu. Nikaitwa Masisi.

Mwendesha mashtaka alikuwa mtu mtulivu, kapteni mwenye miwani, anayekunja mikono ya shati kwa uangalifu. Aliweka karatasi mbili mezani, moja kando ya nyingine, na kidole kwenye kila moja.

"Maître, hizi signature mbili ziko zenu?"

"Ndiyo, ziko zangu."

"Hapa munaandika muko Nyamitaba. Hapa munaandika muko Goma, munasoma. Siku ile ile, saa ile ile." Alivua miwani. "Mulidanganya ile wakati, ao munadanganya leo?"

"Ile wakati," nilisema.

"Juu ya nini?"

Nikamweleza. Vipande vya dakika sita, wino mwekundu, majina ukutani, salamu zisizolipwa. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kujisikia mjinga. Kapteni alisikiliza hadi mwisho. Akaniomba nimweleze na ile Jumanne, nikamweleza, kila jambo na dakika yake, hadi doa la goti la ndama. Akaandika, akatoka, akaenda kumhoji mfugaji peke yake.

Aliporudi alikuwa karibu kutabasamu.

"Anasema mambo ile ile. Anasema pia Mama Maître alikuwa anaangalia saa kila wakati, mpaka bibi yake akamuuliza kama iko na mugonjwa ku hospitali." Akakaa. "Lakini muntu wa kudanganya kwa signature anaweza kupatana na muntu mwingine kwa mudomo. Barua yenu, mimi nilidhani bantu yake banainunua. Kama ile fishi ingesema Nyamitaba, huyu Papa angelala hapa siku mbili tu. Mutafute shahidi mwingine, ule hakudanganya."

Shahidi mwingine alikuwa mmoja tu, dereva wa pikipiki aliyenipeleka Nyamitaba, na yeye alikuwa ameacha pikipiki na kwenda kuchimba Omate. Majirani wa Nyamitaba walikuwa wamekimbia mapigano. Sikujua nianzie wapi. Mwishowe nilimwendea yule mfanyabiashara wa Butembo mwenyewe, mwenye lori. Nilidhani atanitupa nje. Alikuwa amevaa kitambaa cheusi cha kumlilia dereva wake, na alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni.

"Mimi nataka ule alimuua muntu wangu," alisema. "Sitaki ule anapatikana karibu." Na akatuma ujumbe kwa kila gari lake lililoelekea Walikale, wamtafute yule dereva wa pikipiki.

Huku nikingoja, kazini mkuu aliniita. Nilitegemea hasira, alikuwa na huzuni ya mtu anayefunga dirisha. Alisema kosa la kuandika angeweza kulimaliza ndani. Tatizo ni kwamba nimelikiri mbele ya mtu wa nje, na sasa wateja wataanza kuuliza saa nyingine ni za kweli au vipi. Nilikusanya vitu vyangu kwenye boksi la karatasi za kuchapia. Mwenzangu wa meza ya jirani hakuinua macho. Alikuwa anajaza fishi. Zile saa saba na nusu za kusoma dosie zilikuwa zimeshalipwa.

Dereva wa pikipiki alipatikana, akaletwa Masisi juu ya magunia ya mchele, akasema alichokiona: alinileta, alilala chini ya mti wa mparachichi, akaamshwa na kelele za kuzaa ng'ombe. Mfugaji aliachiwa siku ya ishirini na sita ya kifungo chake.

Siku ya kumi na tisa, yeye akiwa bado ndani, watu wenye silaha walikuwa wamepita Nyamitaba wakakuta zizi limebaki na mwanamke peke yake. Walichukua ng'ombe wote. Hili niliambiwa na mfugaji mwenyewe, nilipokwenda kumwona. Aliniambia akiwa ameegemea mti wa lango la zizi, na nyuma yake samadi imekauka na majani yameanza kuota. Nilimuuliza kuhusu yule ndama mwenye doa. Alitikisa kichwa tu.

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Nilisema yote: kwamba karatasi yangu ndiyo iliyomweka ndani, kwamba angekuwa nyumbani siku ile, kwamba ni mimi. Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Alivuta na kuachia kamba aliyokuwa ameishika mkononi, kamba ya kufungia ng'ombe wakati wa kukama.

"Leo uko mu kazi," aliniuliza mwishowe, "ao unakuja tu?"

"Ninakuja tu, Papa."

"Basi ukae."

Nilikaa kwenye benchi lile lile. Mkewe alitoka na vikombe vile vile vikubwa, akaniwekea kimoja mkononi akiwa ameinamisha kichwa kama mtu mwenye aibu. Kilikuwa cha chai nyeusi.

"Mutatusamehea, Mama Maître," alisema. "Leo maziwa hakuna."