Sarafu ya Kijani na Chumba cha Mama Mkwe

Ninauza petroli kwa chupa na kwa bidoni kando ya barabara, Katuba, na simwonei mtu haya. Petroli imenisomeshea watoto, imeninunulia kiwanja, na mwaka ule ilikuwa imetusimamishia kuta za nyumba ya vyumba vitatu. Kilichobaki kilikuwa mabati, ambayo sisi tunayaita manjanja, na pesa zake tulikuwa nazo. Mama mkwe wangu alikuwa ameshatuma habari kutoka Kilwa yetu ya ziwani: barabara ikipitika tu, anakuja kukaa nasi, kwa kuwa macho yake yameanza kumtupa. Chumba cha tatu kilikuwa chake.

Hapo ndipo mume wangu alipokuja na sarafu ya kijani.

Yeye ni fundi umeme, amestaafu kutoka migodini upande wa Kinsevere, na mstaafu mwenye simu ni mtu wa hatari. Rafiki zake walikuwa wamemwonyesha sarafu ya mtandaoni ambayo, walisema, haitengenezwi kwa umeme wa makaa na mafuta kama zile nyingine. Alikaa kwenye benchi la wateja wangu, akaanza kuhubiri.

"Mama, unione. Hii coin iko écologique, haiharibu hewa. Mafuta ikipanda bei, bantu ba ma-investissement, ba franga mingi, bataogopa mafuta, batakimbilia huku. Mafuta ikishuka, weye unauzisha mingi, tunakula. Hatuwezi kupoteza! Tutie franga yote ya manjanja."

Nilichemka. "Papa, mama yako atalala ndani ya coin?"

"Mbele ya Noël atakuwa na chumba, na plafond juu!" Alikuwa anaahidi hata dari, kabla ya Krismasi.

Sikutaka kushinda kwa kelele, na jasho lake nalo lilikuwa ndani ya pesa zile. Nikasema vyumba viwili vinaezekwa wiki hii hii, mbele ya macho yangu. Pesa za manjanja ya chumba cha tatu achukue, akanunue sarafu yake. Ila sitanunua mbuzi kwenye gunia: kila asubuhi aniambie bei, niione mwenyewe kwa njia ninayoielewa.

Njia yenyewe ni hii. Sisi wauzaji wa barabara yetu hatuandiki bei. Chupa ya petroli inakaa juu ya tofali mezani. Bei ikipanda tunaongeza tofali, ikishuka tunaondoa, na mwenye pikipiki anajua kutoka mbali kama asimame au apite. Basi nikachukua chupa ya pili, nikaijaza maji, nikatia unga wa juisi ya kijani, nikaiweka kando ya ile ya kwanza juu ya matofali yake. Hiyo ikawa sarafu.

Majirani walicheka. Mimi niliendelea.

Mwanzoni mume wangu alitamba. Malori ya mafuta yalikwama mpakani Kasumbalesa, petroli ikapanda, na sarafu nayo ikapanda. Chupa mbili zilisimama juu kama maharusi, naye akapita meza kwa meza akieleza. Jambo moja tu lilinichekesha: umeme ulikuwa haupo, na simu aliyosomea bei za kijani aliichaji kwenye jenereta ya kinyozi, iliyokuwa ikinywa petroli yangu.

Kisha petroli ikapanda tena, na sarafu ikashuka. Redio ilisema huko mbali wenye pesa wana hofu. Hilo sikuhitaji redio inieleweshe. Unga ukipanda hapa Katuba, wateja wangu wanapunguza petroli, wanapunguza vocha, wanauza hata redio. Mtu akiogopa anauza kinachouzika, awe anakipenda au hakipendi. Baadaye petroli ikashuka kidogo, na sarafu ikabaki chini vilevile. Nilikuwa nimeambiwa hatuwezi kupoteza, mafuta yakipanda sarafu nayo inapanda. Nilichokiona ni majirani wawili: siku nyingine wanasalimiana, siku nyingine kila mmoja na mlango wake.

"Sasa iko chini," mume wangu aliniambia asubuhi moja. "Njo occasion, bei muzuri. Tuongeze."

"Hapana," nilisema. Nilikuwa nimeshaamua, na nikishaamua mimi hata radi hainisogezi.

Siku hiyohiyo, nikiwa nimegeuka kumchenjia mama mmoja, dereva wa pikipiki alifika mbio, akanyakua chupa ya kijani, akaimimina yote kwenye tangi. Pikipiki ilikohoa mara mbili, ikanyamaza.

"Baba, ile iko mayi!" nilimpigia kelele. "Juu ya nini haukuuliza?"

"Mama, niliona iko na tofali moja, ingine iko na matofali mane," alisema, karibu kulia. "Nilisema mafuta ya mupya, iko chini, njo occasion."

Mume wangu ndiye aliyefungua tangi na kulikausha. Alifanya kazi ile yote bila kuniangalia, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Furaha hiyo haikudumu. Mvua kubwa ilikuwa imeanza mama mkwe alipofika, amechoka na njia, na kifurushi cha samaki wakavu mkononi. Alitaka kuijua nyumba ya mwanawe. Alipita akipapasa kuta, akizisifu, mpaka mlango wa tatu. Aliingia, akasimama, akainua kiganja.

"Mutoto yangu," alisema polepole, "mu hii chumba mvua inanyesha."

Niliumia kwa ajili ya mume wangu kuliko nilivyowahi kumkasirikia.

"Hii iko yetu, mama," nikasema. "Yako iko pale, iko kavu."

Tukampa chumba chetu. Sisi tukatandika mkeka sebuleni.

Sarafu bado iko kwenye simu ya mume wangu. Hatukuiuza kwa hofu, wala hatukuiongeza. Ikipanda tutaikaribisha, ila hakuna atakayelala chini ya ahadi yake. Manjanja yatatoka mezani, chupa kwa chupa.

Kesho yake nilipofika barabarani bidoni zilikuwa zimeshajaa. Mume wangu alikuwa amezifuata mwenyewe bohari kwenye matope, suruali imelowa mpaka magotini. Alisimama kando ya meza yangu, tofali mkononi.

"Mama," aliuliza, "leo tunaweka ngapi?"